Bugole Iliyokatwa

Mjini Bukoba ukitaka mayai ya kuaminika unamtafuta Joanitha wa Buhembe. Ukimpigia simu asubuhi, mchana trei ziko mlangoni kwako, na yai likikutwa limepasuka analibadilisha bila maneno. Kuku wake hutaga kana kwamba wamekula kiapo. Kwa hiyo utaelewa kwa nini mwanamke huyu alicheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, siku Daktari Lilian Kyaruzi alipomgeuzia kioo cha ultrasaundi na kumwambia kwamba tatizo lake ni mayai.

Daktari alimweleza taratibu. Ovari zake zimejaa vifuko vidogo vidogo, kila kimoja na yai lake, yote yanaanza kukua na hakuna hata moja linalofika mwisho. Homoni zinavutana. Ndiyo maana hedhi huja inapojisikia na kupotea miezi, na ndiyo sababu ya chunusi za ukubwani, na ya vile vinyweleo vya kidevuni ambavyo Joanitha alikuwa aking'oa kwa kibano kila Jumamosi, mlango umefungwa, akidhani ni siri yake na Mungu. Hali hiyo ina jina, refu kama treni ya mizigo, na wanawake walio nayo ni wengi, wanene kwa wembamba, hawa hawa wanaopita nje kwenda sokoni. Si laana wala adhabu. Joanitha, ambaye kwa miaka sita ya ndoa alikuwa amezipekua dhambi zake zote za ujana akitafuta iliyo kubwa kiasi hicho, alishusha pumzi ndefu.

Kabla ya dawa yoyote daktari alitaka mume naye apimwe. Avit ni fundi friji, mtu mpole asiyependa makuu, lakini alipokabidhiwa kichupa na kuonyeshwa chumba cha pembeni alitoka jasho kama aliyefungiwa kwenye tanuru. Majibu yake yalikuwa mazuri sana. Wiki nzima alitembea amepanua mabega, mpaka mkewe akamwomba ayashushe, maana nyumba yenyewe ni ndogo.

Matibabu yalianza. Kwanza apunguze mwili kidogo, kwa wali na ndizi za kiasi na kwa kutembea kila alfajiri. Pili, vidonge vya metfomini, vile wanavyomeza wenye sukari, ingawa yeye hana sukari. Vingesaidia kuzituliza hizo homoni. Tatu, na hivi ndivyo vyenyewe, vidonge vidogo vya letrozo, vya kumeza siku chache tu mwanzoni mwa kila mzunguko. Daktari alimwonya mapema kwamba akisoma maelezo ya ndani ya boksi atakuta ni dawa ya saratani ya titi, asije akazimia. Dawa hiyo hiyo huliamsha yai lililolala. Baadaye arudi apigwe picha ya ultrasaundi, waone kama kuna lililokua.

Mara ya kwanza hakuna lililokua. Dozi ikaongezwa, hakuna lililokua. Sasa alikuwa anamaliza dozi ya tatu, ya juu kabisa ambayo Daktari Kyaruzi huwa anatoa. Ikigoma, alisema, angempa rufaa ya Mwanza akaangaliwe kwa sindano au upasuaji mdogo. Joanitha hakuwa anaogopa sindano. Alichoogopa ni kwamba matumaini yake yalikuwa yamebaki kidogo, na alijua kwa hakika kwamba yasingefika Mwanza. Alitaka mtoto, tuseme tu wazi. Alimtaka kiasi kwamba akipewa wa mtu ambebe kanisani, alikuwa akimrudisha haraka kabla mikono haijamzoea.

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Ma Benigna, mama yake Avit, ni mjane anayekaa Nshamba, huko Muleba, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Avit alipooa, mama alimwandalia mkamwana wake bugole kama inavyotakiwa: bibi harusi akae ndani kwenye mkeka mpya, asishike jembe wala ndoo, ale anachopikiwa na mkwe wake mpaka ngozi ing'ae. Zamani ilikuwa miezi. Joanitha alikaa siku chache tu, simu ikapigwa kutoka Buhembe kwamba kideri kimeingia bandani na kuku wanakufa, akaondoka mbio na chungu cha mkwe wake kingali jikoni. Ma Benigna hakugomba. Ila tangu siku hiyo, mwaka ukiisha bila habari, alikuwa akitazama juu kwenye dari na kusema kwa upole kwamba bugole ile ilikatwa. Upole huo ulikuwa unamchoma Joanitha kuliko matusi.

Ndiyo maana alimkataza Avit kumwambia mama yake chochote kuhusu kliniki. Mama angesema ni ile bugole. Au angesema mayai yamegoma kwa nani, kwa mke, basi; na ukoo ungekaa, na ukoo ukishakaa haunyanyuki bila kumtajia mwanamume msichana mwingine. Avit alisema mama yake si mtu wa namna hiyo. Joanitha akamjibu kwamba kila mwanamume duniani husema mama yake si mtu wa namna hiyo.

Siku Joanitha alipomaliza kidonge cha mwisho cha letrozo, Ma Benigna alishuka kwenye gari mbele ya nyumba na mkungu wa ndizi, kanda la maharage, na jogoo. Kumletea jogoo mtu mwenye banda zima la kuku, hiyo ndiyo heshima ya Nshamba. Alikuwa amekuja kupima macho, alale usiku mmoja, arudi zake.

Kwa mtu aliyekuja kupima macho, aliona mengi. Aliona kwanza kwamba gauni la Joanitha limekuwa pana. Akaona mkamwana anaamka alfajiri anatoka peke yake barabarani na kurudi ameloa jasho. Jioni ya kwanza mezani aliona kengele ya simu imelia, Joanitha ameinuka, ameingia chumbani, amerudi anafuta midomo. Metfomini ina adabu zake mbaya, hasa kwa tumbo, kwa hiyo aliona pia mbio za kwenda chooni. Letrozo nayo iliacha joto lake mwilini, likawa linapanda ghafla usoni bila kuwasha moto, na Joanitha akajipepea kwa mfuniko wa sufuria huku mvua inanyesha nje. Halafu asubuhi mama mkwe alikwenda kuwasalimia kuku, akakuta kwenye chombo chao ebitoke, yaani ndizi za Kihaya, vilivyopikwa vizuri, vya jana yake, vile vile alivyompakulia mkamwana wake kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo mtu wa umri wa Ma Benigna, katika Kagera hii, hahitaji kuambiwa. Miaka ile ya ukimwi alizika dada zake wawili na kulea watoto waliowaacha. Kukonda, kutoka jasho, tumbo kuharibika: masomo hayo aliyasoma mpaka mwisho, na hakuna aliyemfundisha zaidi ya vitanda vya wagonjwa; na vidonge vya siri vya kufuata saa, siku hizi kila mtu anajua ni vya nini. Alirudi jikoni, akatoa begi lake mlangoni lilipokuwa limesimama tayari kwa safari, akalirudisha ndani. Macho yakapimwa, miwani ikapatikana, na Ma Benigna hakuondoka.

Joanitha hakuelewa kitu. Aliona tu kwamba mkwe wake amegeuka. Ndoo hashiki, ufagio ananyang'anywa, mchuzi wa samaki unamfuata alipo. Kisha likaja kubwa kuliko yote. Mzazi wa heshima haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa, hilo Ma Benigna asingelivunja hata nyumba iwe inaungua. Na kwa kuwa mgonjwa hafai kulala bila mwangalizi wake, alimhamishia Joanitha kwenye chumba cha wageni, kitanda kimoja na yeye. Alisema ni kwa sababu ya uchovu. Avit alipojaribu kusema kwamba mke wake hupumzika vizuri zaidi kitandani kwake, mama alimwangalia kwa ile miwani mpya kwa muda mrefu, akamwambia akalale, na leo asimsumbue mwenzake. Fundi wa watu akaenda kulala peke yake kama mseja.

Usiku mmoja wa hivyo ni kichekesho. Wa pili, Joanitha akaanza kuhesabu kwa wasiwasi, maana siku za kulitazama yai zilikuwa zimekaribia. Alijaribu kumkumbusha mama mkwe kwamba kibanja hakina mtu. Ma Benigna akajibu kwamba migomba haina miguu. Alijaribu kusifia miwani na jinsi itakavyoonekana Nshamba siku ya Jumapili. Ma Benigna akasema hata Bukoba kuna Jumapili.

Kliniki alikwenda akisingizia kupeleka mayai. Daktari Kyaruzi alisogeza mashine huku na huku juu ya tumbo, akanyamaza kwa namna ambayo Joanitha alikuwa ameshaizoea na kuichukia, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona mwenzake anaibuka kwenye umati, kwamba lipo. Moja. Ovari ya kulia, limekua vizuri, limebaki kutoka. Wakutane na mumewe leo, kesho na kesho kutwa, wasikose.

Nje ya mlango wa kliniki Joanitha alimpigia Avit. Alikuwa amepanga kusema mengi. Alisema tu, "Limekua," na upande wa pili akasikia bisibisi ikianguka juu ya bati.

Jioni hiyo nyumba ya Buhembe iligeuka uwanja wa vita vya kimya kimya. Avit alirudi mapema amenyoa ndevu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni kabisa mwa korido, anatafuna akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna anazotembea nazo kwenye kifuko cha majani ya mgomba, na hakuna aliyepita bila yeye kunyanyua miguu. Alimtuma Avit chumvi. Aliporudi na chumvi alimtuma mafuta ya taa, ingawa umeme ulikuwepo. Joanitha akasema anaenda kunyoosha mgongo chumbani kwake kidogo. Mama mkwe akasema vizuri sana, akainuka, akamshika mkono, akamnyoosha mgongo kwenye chumba cha wageni, na kumfunika blanketi mpaka kidevuni.

Joanitha alilala akitazama ukuta. Yai moja, baada ya miaka sita, liko hapo ndani linangoja, na yeye amefunikwa blanketi na mama mkwe wake. Hasira ilimpanda mpaka machozi. Angeweza kusema. Angeweza kukaa kitako na kusema, mama, niache niende kwa mume wangu, leo ndiyo siku yenyewe. Lakini maneno hayo mkwe hamwambii mkwe. Na nyuma ya aibu ilikuwepo ile hofu ya siku zote: akisema hili, atalazimika kusema yote, na akisema yote, kesho Nshamba watakaa kikao.

Asubuhi Avit alitoka kwenda kazini amenuna. Joanitha akaingia bandani kuokota mayai, na kabla hajajaza trei ya kwanza mlango ulifunguliwa. Ma Benigna aliingia ameshika kifuko chake cha akamwani, akageuza ndoo, akakaa juu yake katikati ya kuku.

"Acha hayo mayai, mwanangu. Kaa."

Joanitha akageuza ndoo ya pili, akakaa.

"Nimeona ebitoke kwenye chombo cha kuku," alisema Ma Benigna. Joanitha alifungua mdomo kusema ni makombo, mama akainua kiganja. "Dada yangu Alistidia alikuwa anaficha chakula chini ya kitanda. Nampikia, narudi, sahani nyeupe, ananiambia ameshiba. Nilikuja kukikuta chakula chote siku ya kufagia chumba, tumeshamzika. Kwa hiyo mimi usinifiche. Sikuulizi nani alimpa nani. Avit ni mwanangu na sitamuuliza pia."

Kuku walikuwa wanalia, Joanitha akadhani hajasikia vizuri.

"Ila dawa ziko siku hizi," mama aliendelea. "Mtu anameza, anaishi, anazeeka, anagombana na majirani kama kawaida. Dada yangu Benadetha naye angezikuta, leo angekuwa Buhembe hapa ananisema kwa nini nimenunua miwani mibaya hivi. Wewe utazimeza, na utakula, na mimi nitakaa hapa mpaka nione nyama zimerudi. Kama ni mtoto ndiye anayekukondesha, muache. Mjukuu nikimkosa, nimemkosa. Wewe sikuziki."

Ndipo Joanitha akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuja kwa vipande: mchuzi wa samaki, chumba cha wageni, blanketi, Avit na mafuta ya taa. Kicheko kilimpanda kikakutana na kilio njiani, vikatoka pamoja, akaziba uso kwa khanga. Alilia kwa ajili ya wanawake wawili ambao hakuwahi kuwaona. Alilia pia kwa sababu miaka sita alikuwa ameuogopa mdomo wa mwanamke huyu, na kumbe mdomo wenyewe ulikuwa umebeba maneno haya.

"Mama, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "sina ugonjwa huo."

Ma Benigna alitikisa kichwa kwa huzuni. Alistidia pia alisema hivyo hivyo.

Ikabidi Joanitha aseme yote. Alianza kwa kumwangalia mkwe wake, ikamshinda, akamalizia kwa kumwambia jogoo wa Nshamba. Alisema kuhusu vifuko kwenye ovari na homoni zinazovutana, vidonge vya sukari bila sukari, kutembea alfajiri na kupunguza ndizi, joto la dawa, majibu ya Avit na mabega yake. Alisema dozi imepanda mara mbili, na hii ndiyo ya mwisho kabla ya Mwanza. Ma Benigna alisikiliza huku akitafuna. Alipomaliza kutafuna alitema ganda pembeni, akawatazama kuku waliokuwa wanaparua miguuni pake.

"Kuku akinona sana hatagi," alisema polepole. "Hilo nalijua tangu utotoni. Na mimi nimekaa hapa nakupakulia."

Joanitha akasema hakujua, si kosa lake.

"Na hiyo dawa ya juu, imefanya kazi?"

"Imefanya. Jana daktari ameliona. Limekua."

"Jana." Ma Benigna alivua miwani. "Na jana ulilala wapi?"

"Kwako, mama."

Kuku mmoja alirukia trei, wala hakufukuzwa.

"Linangoja mpaka lini?"

"Leo, waitu. Na kesho."

Ma Benigna alisimama. Hakumtazama tena Joanitha usoni, na Joanitha alimshukuru kwa hilo. Alijifunga khanga kiunoni, akatoa simu yake ndogo kifuani, akabonyeza, akaiweka mbali kidogo na sikio kama kawaida yake.

"Avit. Acha hilo friji. Rudi nyumbani." Avit aliuliza jambo. "Hakuna aliyekufa. Nimesema rudi."

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Mama alizipanga trei mwenyewe, akazifunga kamba, akauliza wateja ni akina nani na wanakaa wapi. Joanitha alijaribu kusema zinaweza kungoja, akaambiwa kwamba kinachongoja na kisichongoja leo anakijua nani. Chungu cha ebitoke kilichokuwa kinatokota jikoni alikiipua, akakimwaga chote kwa kuku bila kusita. Usiku atalala kwa Nancy, alitangaza, yule binti wa Benadetha aliyemlea na ambaye siku hizi ana nyumba yake karibu na soko. Na kesho pia atalala kwa Nancy, maana ni muda mrefu hawajakaa wakaongea. Bodaboda ilipokuja, yeye ambaye siku zote husema pikipiki ni za vijana wasio na shughuli, alipanda nyuma, akazikumbatia trei, akaondoka bila kugeuka. Getini alipishana na Avit anayekuja mbio na mkoba wa vifaa begani. Hawakusalimiana.

Wateja wa mjini walimsimulia Joanitha baadaye. Kuna mama mmoja Mhaya amepita na mayai yake, mkali, hapunguzi bei, na yai lililopasuka amegoma kulibadilisha, amesema likaangwe leo leo.

Ingekuwa hadithi ya kupendezesha watu, mimba ingeingia siku ile ile. Haikuingia. Zilipopita wiki mbili na siku zake, hedhi ilikuja. Joanitha alikaa sakafuni bafuni akalia vya kutosha. Daktari Kyaruzi, kinyume na matarajio, alifurahi: hedhi imekuja yenyewe, kwa wakati wake, bila kusukumwa na dawa, maana yake yai lilitoka kweli. Dozi wameipata, wairudie hiyo hiyo, na habari za Mwanza ziwekwe pembeni kwanza. Joanitha alimwelewa kwa kichwa. Moyo ulichelewa kidogo.

Kumpigia simu mama mkwe ndiko kulikomtisha. Alipiga, akasema, akangoja kusikia habari za dari na bugole. Upande wa Nshamba Ma Benigna akakohoa.

"Basi tunaendelea," alisema.

Joanitha aliibeba hiyo "tunaendelea" siku nzima, akaipeleka sokoni na kurudi nayo.

Waliendelea. Kila mwezi zile siku zikikaribia, Ma Benigna alikuwa anapiga simu kutangaza kwamba yeye haji Bukoba, ana shughuli nyingi sana, mtu asimtegemee. Mikungu ya ndizi ilikoma. Badala yake, kwenye gari la kutoka Nshamba yakaanza kushuka mafungu ya mchicha na kisamvu, na dagaa waliofungwa kwa gazeti. Avit aliuliza siku moja kama mama amegombana na migomba yake. Vidonge vilikuja na joto lake kama kawaida, alfajiri zilikuja na barabara yake, na kuku hawakuacha kutaga hata siku moja, mpaka wakati mwingine Joanitha akawaambia wapunguze majivuno.

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto alipopanda gari kwenda Nshamba peke yake. Avit alitaka kupiga simu, yeye akakataa. Hili alitaka kulipeleka kwa miguu yake. Njiani alitunga maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, na kila kona ya barabara ilipomtikisa tumbo alishika mdomo, akayasahau, akayatunga upya.

Ma Benigna alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mikeka kwa reki ya mti. Walisalimiana, wakaulizana habari za macho na za kuku. Mama alimnyooshea kifuko cha akamwani kama anavyonyooshewa mgeni yeyote. Joanitha alipeleka mkono, harufu ikamfikia puani, akaurudisha mkono. Akageuka haraka, akashika reki ya pili iliyokuwa ukutani, akaanza kugeuza kahawa ili apate pa kuangalia.

"Mama," alisema akiwa ameinama. Yale maneno mazuri yote yalikuwa yamebaki njiani. "Limeshika. Nimepimwa, nimeonyeshwa na moyo wake unapiga."

Ma Benigna hakupiga kigelegele. Alisimama pale na kifuko mkononi, miwani imeshuka puani. Kisha akaja, akaishika ile reki, akaitoa mikononi mwa Joanitha kidole kimoja kimoja kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akaiegemeza ukutani. Akaingia ndani. Joanitha alisikia ufagio, kisha mlango wa kabati, kisha kitu kipya kikikung'utwa vumbi. Mama alipotoka, alikuwa na majani makavu kwenye kilemba.

"Ingia ndani," alisema. "Nimetandika. Tulikuwa hatujamaliza."

"Na kuku, mama?"

"Kuku wana Avit."

Joanitha alivua viatu mlangoni akaingia. Chumba kilikuwa kile kile cha miaka sita iliyopita, mkeka mpya umetandikwa pale pale. Alikaa, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, na hakuna simu iliyopigwa kumwita popote. Baada ya muda mama mkwe alileta sahani, akaiweka mapajani mwake kwa mikono miwili. Ilikuwa na ndizi moja tu, samaki, na kilima cha mchicha. Ma Benigna alikaa naye mkekani, akasogea karibu, akamtazama mpaka akaimaliza.